Joho la Profesa Si Ushahidi

Katika mabweni ya vyuo vyetu hapa Uganda, mjadala kuhusu asili ya viumbe haumalizwi kwa hoja, humalizwa kwa cheo. Mmoja atataja visukuku, mwingine atataja kitabu cha Mwanzo, watabishana hadi usiku wa manane, na mambo yakiwa magumu atajitokeza mtu na karata yake ya mwisho: "Sasa ninyi mnajua nini? Huko Marekani kuna profesa mzima wa biolojia, mwenye shahada ya uzamivu, anayesema Mungu aliumba vyote kwa siku sita." Basi, wote kimya. Profesa amekwisha kusema, na nani kati yetu ana shahada ya uzamivu?

Mimi sikubali kunyamazishwa namna hiyo, na ninaandika makala haya ili nieleze kwa nini. Sina ugomvi na imani ya mtu. Nimelelewa kanisani, bado naimba kwaya, na sijaona sura yoyote ya Biblia iliyonizuia kusoma kitabu cha sayansi. Ugomvi wangu ni na biashara hii ya kuazimana majoho. Mtu amepata heshima kwa kupima jambo moja kwa makini. Kisha watu wanaichukua heshima ile na kununulia jambo jingine kabisa, ambalo halikupimwa. Nadai kwamba biashara hiyo inamdhulumu profesa mwenyewe, inaidhulumu sayansi, inaidhulumu hata imani, na wanaoumia zaidi ni wanafunzi tutakaowafundisha kesho.

Ili nisigombane na kivuli, nitamchukua profesa mmoja wa kweli. Anaitwa Leonard Brand, wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, ambacho ni chuo cha Waadventista Wasabato. Sikumchagua kwa sababu ni mdhaifu. Nimemchagua kwa sababu ni miongoni mwa walio bora katika kundi lake. Wapo wengi wanaojiita wanasayansi wa uumbaji ambao hawajawahi kupima hata urefu wa mkia wa panya. Brand si wa namna hiyo, na wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kama hoja yangu haiwezi kusimama mbele ya mtu bora, basi haina miguu.

Tuanze na haki yake. Brand alisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, New York, akahitimu mwaka 1970. Fani yake ilikuwa wanyama wenye uti wa mgongo: wanaishi wapi, wanajengaje viota, wanawasilianaje, spishi moja inatofautianaje na jirani yake. Mwaka 1969 yeye na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu panya wa jenasi ya Peromyscus, wakiwemo wa visiwa vya Ghuba ya California. Mwaka 1974 aliandika kuhusu viota vya mitini vya kindi wadogo wenye milia wa California. Mwaka 1976, katika jarida la Animal Behaviour, alichapisha utafiti kuhusu milio ya kindi hao. Hebu fikiria kazi yenyewe. Mtu anakwenda msituni, anakaa kimya, anasikiliza mnyama mdogo asiyezidi kiganja cha mkono, anatofautisha mlio huu na ule, anaandika, kesho anarudi tena. Hakuna mahubiri ndani yake. Kindi hana dini, na mlio wake haujali msikilizaji anasali Jumamosi au Jumapili. Asiyeamini Mungu angeweza kwenda katika msitu uleule, akasikiliza, na kusema "ni kweli" au "si kweli". Hiyo ndiyo sayansi, na kwa kazi hiyo joho la Brand limemkaa vizuri, hakuna wa kumvua.

Baadaye alianza kutazama wanyama waliokufa zamani. Katika kuta za Grand Canyon, jimboni Arizona, kuna tabaka la mwamba wa mchanga, lenye rangi iliyofifia, liitwalo Coconino. Wanajiolojia wanalipa umri wa takriban miaka milioni 275, na kwa muda mrefu wamelieleza kuwa ni mchanga wa jangwa, vilima vilivyorundikwa na upepo. Ndani yake mna nyayo nyingi za wanyama wa miguu minne. Brand akauliza swali ambalo wengi waliliona limekwisha: je, nyayo hizi kweli ziliachwa kwenye mchanga mkavu? Akachukua salamanda, wanyama wanaofanana na mijusi lakini ni ndugu wa vyura, na mijusi pia, akawatembeza juu ya mchanga mkavu, mchanga wenye unyevu, mchanga uliolowa, na mchanga uliofunikwa na maji. Akalinganisha nyayo zao na zile za mwambani. Mwaka 1979 alichapisha matokeo yake: nyayo za chini ya maji zilifanana zaidi na zile za kale. Mwaka 1991, yeye na Thu Tang, katika jarida kubwa la Geology, wakaongeza jambo jingine. Baadhi ya nyayo zinaonyesha vidole vimeelekea upande mmoja huku mnyama akisogea upande mwingine, na baadhi zinaanza au kukatika ghafla, kana kwamba mnyama alisukumwa au kuinuliwa na mkondo wa maji.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wa kambi ya pili, wale wa kucheka. Nao wapo katika mabweni yetu. Ukiwatajia jina la Brand watasema, "Huyo ni mlokole tu, achana naye." Samahani, hilo si jibu. Mlokole aliyewatembeza salamanda juu ya mchanga amefanya kitu. Aliyekaa kitandani akacheka hajafanya kitu. Sayansi haiulizi wazo limetoka wapi. Linaweza kutoka ndotoni, katika Zaburi, au katika ugomvi na shemeji. Inauliza tu: wazo lako linapimikaje? Brand amesema mara nyingi kwamba imani yake ndiyo iliyomfanya aulize swali ambalo wengine hawakuliuliza. Nakubali kabisa. Mtu wa nje anaweza kuuona ufa ambao wenye nyumba wameuzoea.

Wataalamu wenzake hawakucheka. Mwaka 1992, katika jarida lilelile, Martin Lockley na David Loope walimjibu kwa hoja wakitetea tafsiri ya jangwa, naye akajibu. Wanaotetea jangwa wana mambo ya kuonyesha, kwa mfano alama katika mwamba huohuo zinazofanana na nyayo za buibui na nge, wanyama ambao hawatembei kwenye sakafu ya maji. Mpaka leo wanajiolojia walio wengi wanaushikilia upepo. Lakini tazama namna walivyoshindana: nyayo kwa nyayo, mchanga kwa mchanga. Hakuna aliyesema "mimi ni profesa" wala "wewe ni mlokole". Laiti mabweni yetu yangeiga hilo tu.

Sasa tufike penye uzito. Tuseme Brand ameshinda. Tuseme kesho asubuhi wanajiolojia wote wanakubali kwamba nyayo za Coconino ziliachwa chini ya maji. Je, tutakuwa tumethibitisha nini? Tutakuwa tumethibitisha kwamba nyayo za Coconino ziliachwa chini ya maji. Nukta. Maji hayo yanaweza kuwa ya ziwa, ya mto, ya pwani. Kutoka hapo hadi gharika iliyofunika dunia nzima ni safari ndefu, na hakuna salamanda aliyetembea safari hiyo. Tena kuna taabu nyingine. Tabaka la Coconino liko karibu na juu ya ukuta wa Grand Canyon. Chini yake yamelala matabaka mengine mengi, chokaa juu ya tope, tope juu ya mchanga, mamia kwa mamia ya mita. Kama yote hayo yalimwagwa na gharika moja ya mwaka mmoja, wanyama wale wadogo walikuwa wapi wakati mamia hayo ya mita yanarundikana? Walisubiri wapi, ili gharika ikiwa katikati washuke wakatembee taratibu juu ya mchanga, hatua baada ya hatua? Mwenye jibu alitoe, lakini alitoe kwa vipimo kama Brand alivyotoa vya mchanga, asitoe cheo.

Mfano wa pili ni mzuri zaidi, na watetezi wa uumbaji wanaupenda sana. Huko Peru, katika tabaka la miamba liitwalo Pisco, kuna visukuku vingi vya nyangumi. Brand na wenzake walikwenda wakawahesabu: nyangumi 346 katika eneo la takriban kilomita 1.5 za mraba. Mifupa mingi ilikuwa bado imeshikana au imekaa karibu karibu, na kwa baadhi yao hata zile nyuzi za mdomoni ambazo nyangumi huchujia chakula zilikuwa zimebaki. Mzoga ukikaa wazi baharini huliwa, mifupa hutawanyika. Kwa hiyo nyangumi hawa walifunikwa haraka. Mwaka 2004 walichapisha katika Geology kwamba maganda ya dayatomu, vile viumbe vidogo vya majini, yalirundikana pale kwa kasi kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Mtu akisimulia habari hii kanisani, husema hivi: "Nyangumi mamia wamezikwa kwa mpigo! Gharika ya Nuhu hiyo!" Nami naomba msimuliaji akaisome makala yenyewe. Ndani yake Brand na wenzake wanasema wazi kwamba nyangumi hao hawakuzikwa katika tukio moja. Wametapakaa mfululizo katika unene wa mita 80 za mashapo. Waandishi wenyewe wamesema hivyo, wale wanaoamini uumbaji. Walisema kwa sababu walikuwa na mwamba mbele yao, na mwamba haukuwaruhusu kusema vingine. Naona hapo ndipo Brand alipo mkubwa, na hapo ndipo wanaomtumia wanapomwacha. Wanabeba joho lake na kuiacha makala yake mezani haijafunguliwa.

Zingatieni pia makala hizi zilichapishwaje. Hazikusema dunia ina umri wa miaka elfu chache. Hazikutaja siku sita. Zilipita kwa wataalamu kwa sababu zilidai kile tu zilichoweza kukionyesha: mlio, unyayo, mfupa, kasi ya mashapo. Dai la siku sita liko kwingine, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kiitwacho Faith, Reason, and Earth History, kilichotolewa na matbaa ya Chuo Kikuu cha Andrews, nacho pia cha Waadventista. Hafichi humo kwamba anaanzia kwenye Biblia. Ni mkweli, namheshimu kwa hilo. Lakini basi tusichanganye mikoba. Kuna mkoba wa mambo yaliyopimwa, na kuna mkoba wa mambo yanayoaminiwa. Kubebwa na mtu mmoja hakuifanyi kuwa mkoba mmoja.

Mtu atanipinga: "Huoni kwamba imani yake ilizaa utafiti mzuri? Kwa nini matunda yasiutetee mti?" Hoja hii ina nguvu, na siikwepi. Jibu langu ni hili. Mti huu unahesabiwa matunda mazuri tu. Salamanda wakionyesha maji, imani imethibitishwa. Je, buibui na nge wakionyesha nchi kavu, imani imekanushwa? Hapana. Nyangumi wakizikwa haraka, imani imethibitishwa. Je, wakiwa hawakuzikwa kwa tukio moja, imani imekanushwa? Hapana. Ni kama timu inayohesabu mabao inayofunga, lakini ikifungwa inasema haukuwa mchezo rasmi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nadharia tete ya nyayo inakubali kushindwa, na ndiyo maana ni sayansi. Dai la uumbaji wa siku sita halikubali kushindwa na unyayo wowote. Kurt Wise, aliyesomea uzamivu Harvard chini ya Stephen Jay Gould, amekiri jambo hili kwa uwazi ambao wengi hawana: ameandika kwamba hata ushahidi wote wa ulimwengu ukigeuka dhidi ya uumbaji wa hivi karibuni, yeye ataukubali ushahidi huo lakini atabaki kuwa mwumini wa uumbaji, kwa kuwa ndivyo anavyolisoma Neno la Mungu. Sawa kabisa, hiyo ni imani, na ina adhama yake. Ila mtu akishasema hivyo, asituletee tena unyayo kama ushahidi. Ushahidi usioweza kukuangusha hauwezi pia kukuinua.

Jambo hili liliwahi kufika mahakamani hukohuko Marekani. Mwaka 1981 jimbo la Arkansas lilitunga sheria ya kutaka "sayansi ya uumbaji" ipewe nafasi sawa na mageuko darasani. Miongoni mwa mashahidi waliosimama upande wa jimbo alikuwepo Wayne Frair, mwanabiolojia aliyechunguza protini za damu ya kobe na kasa. Mwingine tena wa wanyama wenye uti wa mgongo! Januari 1982 Jaji William Overton aliitupa sheria ile. Hakusema Mungu hayupo, wala hakusema mashahidi ni wajinga. Alisema, kwa kifupi, kwamba sayansi lazima iweze kupimwa, iwe tayari kubadilika, na iweze kuonyeshwa kuwa si kweli. Na kile kilicholetwa mbele yake hakikuwa na sifa hizo. Ujuzi wa damu ya kasa ni ujuzi wa damu ya kasa. Hauwezi kuwekwa rehani ili ukopeshwe umri wa dunia.

Utaniuliza: haya ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu wengi wetu tutakuwa walimu. Nilipokuwa kidato cha tano, katika shule ambayo sitaitaja, mwalimu wetu wa biolojia alifika kwenye mada ya mageuko, akafunga mlango, akatabasamu. "Haya niwafundishayo sasa ni ya mtihani tu," alisema. "Andikeni, mpate alama, mkitoka hapa myasahau. Hata maprofesa wa Ulaya na Marekani hawayaamini." Tukaandika. Tukapata alama. Na pamoja na alama tukapata somo jingine ambalo halimo kwenye muhtasari wowote: kwamba elimu ni kitu cha kumdanganyia msahihishaji. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema, alitupenda. Lakini siku ile alitufundisha kuwa na ndimi mbili, na mtoto akishazoea ndimi mbili katika mada moja, nani atamzuia kuzitumia katika mada nyingine? Leo atasema mageuko ni ya mtihani tu. Kesho atasema na chanjo ni ya mtihani tu.

Na ajabu ni kwamba Brand mwenyewe asingekubaliana naye. Brand anakubali kwamba viumbe hubadilika, kwamba spishi mpya hutokea, kwamba uteuzi asilia hufanya kazi. Anachopinga ni ukubwa wa mabadiliko na urefu wa muda. Wanaomtumia hawalijui hilo kwa sababu hawajamsoma. Wanasema "hata profesa anakataa mageuko", huku profesa anakubali nusu ya yale ambayo wao wanayaita dhambi. Hapa kwetu nusu hiyo si mchezo. Vimelea vya malaria vilibadilika hadi klorokwini ikashindwa, tukaiacha. Sasa kaskazini mwa Uganda watafiti wamekwisha kuona vimelea vinavyoanza kustahimili dawa za artemisinini, ambazo ndizo tegemeo letu. Muuguzi aliyefundishwa kwamba viumbe havibadiliki atamwelezaje mama kwa nini mtoto amalize dozi yote hata homa ikishatulia?

Tena tuna mwamba wetu wenyewe wa kujadili, hatuna haja ya kuazima wa Arizona. Ziwa Viktoria, ambalo Waganda tunaliita Nalubaale, lina furu, wale samaki wadogo tunaowaita nkejje, ambao mama zetu huwakausha juani. Wanasayansi wamewahesabu kuwa takriban spishi 500: wengine wanakula konokono, wengine mwani, wengine wanakula samaki wenzao. Na mashapo yaliyochimbwa chini ya ziwa yanaonyesha kwamba ziwa hili lilikauka, likajaa upya miaka takriban 15,000 iliyopita. Spishi mamia, katika muda ambao kwa mwanajiolojia ni kupepesa jicho. Mtetezi wa uumbaji anaweza kufurahi: "Mnaona, mabadiliko hayahitaji mamilioni ya miaka!" Naam, katika hilo ana hoja, na Brand angeifurahia. Lakini mashapo hayohayo yanayompa furaha yana umri unaozidi miaka elfu sita anayoitetea. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ila mwenye haki huitazama ngozi yote, pamoja na upande uliomchanikia.

Wanafunzi wangapi wa Uganda wamewahi kukaa kando ya ziwa letu na kuwasikiliza au kuwahesabu nkejje kama Brand alivyowasikiliza kindi wake? Hilo ndilo ningependa tuige kwake. Sangara aliingizwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na amekwisha kula spishi nyingi za furu kabla hatujazipa hata majina. Tunabishana usiku kucha kuhusu maneno ya profesa wa mbali, na ushahidi wetu unaliwa majini.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu tunaojiandaa kushika chaki. Mwanafunzi akikuuliza, "Mwalimu, ni kweli kuna profesa wa biolojia anayeamini uumbaji?" usimdanganye. Mwambie ndiyo, yuko, tena hodari. Msimulie milio ya kindi, salamanda juu ya mchanga, nyangumi wa Peru. Kisha mwulize maswali matatu. Alipima nini? Alisema nini katika makala aliyowapa wenzake waipinge? Na alisema nini mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kumpinga? Mtoto wa miaka 16 anaweza kujibu maswali hayo, na akishayajibu hatatishwa tena na joho la mtu, liwe la mwumini au la asiyeamini. Maana yako majoho ya upande wa pili pia: wapo maprofesa wanaosema sayansi imethibitisha hakuna Mungu, nao wanaweka rehani ujuzi wao vilevile. Waulizwe maswali yaleyale.

Na kwa ndugu zangu wa kanisani nina neno moja, nalisema kwa heshima. Imani yetu ilifika hapa kabla ya shahada za uzamivu. Bibi zetu hawakumwamini Mungu kwa sababu kuna mtu California alihesabu nyangumi. Tukiitundika imani juu ya unyayo wa salamanda, siku unyayo huo utakapofasiriwa upya tutawaambia nini watoto? Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wakuu wa nadharia ya mageuko katika karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi na hakuona haya kwa lolote kati ya hayo mawili. Simtaji ili nanyi mnyamaze. Nikifanya hivyo nitakuwa nimeazima joho kama wengine. Namtaja ili mjue kwamba mlango uko wazi. Kuuingia au kutouingia ni juu ya kila mmoja wetu, kwa akili yake na dhamiri yake, baada ya kusoma. Makala za Brand zimechapishwa, ziko wazi kwa yeyote. Anayetaka kulitumia jina lake katika bweni letu aje nazo mkononi, tuzisome pamoja.